Dawa ya Kumnyamazisha Redio

Mwalimu huyu alirudi kutoka masomoni na stashahada ya saikolojia ya elimu, pamoja na sanduku la vitabu lililomtoa mchukuzi jasho mpaka akadai aongezewe. Wenzake walimpokea kwa soda na utani, na kabla wiki haijaisha walishambatiza jina: Saikolojia. Hakukasirika. Jina hilo lilikuwa afadhali mara mia kuliko lile la zamani, Fimbo ya Chuma, alilopewa na wanafunzi enzi zile alipokuwa hajajua lolote zaidi ya kuchapa. Siku hizi hakuchapa. Fimbo yake ya mpera aliivunja vipande viwili mbele ya walimu wote na kuitupa kwenye pipa la taka, akanawa mikono kama mtu aliyetoka kuzika.

Mwalimu mkuu, mtu mnene mwenye sauti laini, aliyeogopa wakaguzi kuliko alivyoogopa kifo, alimpa darasa la tano. Alimwambia kwamba kila mwalimu aliyelipitia darasa lile alitoka na kichwa kinagonga, na kwamba sasa wangeona kama vile vitabu ni vitabu kweli au ni mizigo ya kupendezesha kabati. Mzee wa hesabu, ambaye alibakiza miaka michache astaafu, alicheka mpaka akakohoa. Akasema darasa zima halina tabu, watoto ni watoto tu. Tabu ni mmoja, na wala si darasa analohitaji, ni fundi wa kumkata nyaya.

Huyo mmoja alikuwa msichana aliyeitwa Redio.

Redio alikuwa mtoto wa fundi cherehani mwenye kibanda karibu na stendi. Mama yake alikuwa akishona tangu asubuhi hadi jioni, na mtoto alikulia chini ya meza, katikati ya vipande vya vitambaa, akijifunza kuongea kwa kushindana na mashine. Ndiyo maana sauti yake haikujua kushuka. Alijibu swali kabla halijamalizika. Alijibu na la mwenzake. Mwalimu mkuu akiingia darasani kwa maringo, kutoka nyuma kulisikika mlio usio na adabu, na Redio alikuwa wa kwanza kuziba pua. Leo angesema baba yake ni rubani, kesho daktari wa mamba, na hali kila mtu alijua kwamba baba huyo hakuna aliyewahi kumtia machoni. Asiyemtazama alifinywa. Jina lenyewe alilipata siku suruali ya mzee wa hesabu ilipofumuka mshono. Mtoto alisimama, akajikohoza na kutangaza kwa sauti nzito: "Habari zilizotufikia hivi punde, hali si nzuri upande wa nyuma." Alipigwa siku ile mpaka fimbo ikachanika, na huku analia aliendelea kusoma taarifa.

Hakuwa mtoto rahisi. Lililo la haki lisemwe.

Katika darasa hilohilo alikuwamo binti wa mwalimu mwenyewe, tena dawati moja na Redio. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Jioni, wakati mwalimu, ambaye ndiye mama yake, anamenya viazi jikoni, binti alimletea taarifa za Redio moja baada ya nyingine, huku akicheka mpaka akishika mbavu. Mama alitabasamu nusu. Baba wa binti alikuwa na mji mwingine mbali, akija akipenda, na nyumba ile ya vyumba viwili ilikuwa ya mama na mwana tu. Hakufurahi kuona kicheko chote cha nyumba yake kinatoka kwa mtoto wa mtu.

Kwanza alikaa na kutazama. Alikunja mikono pembeni ya ubao na kupima, kama daktari anavyopima kabla hajaandika dawa. Mkufunzi wake chuoni alikuwa akisema kwamba tabia nayo inakula, na chakula chake ni macho ya watu. Ukimcheka mtoto, umemlisha. Ukimgombeza, umemlisha. Hata ukimchapa umemlisha, tena sinia zima. Ukitaka tabia ife, ifunge njaa. Basi mwalimu alitazama, akaona mambo ni hayohayo: Redio akifungua kinywa, vichwa vyote vinageuka, na cha kwanza kugeuka ni cha mwalimu.

Alijaribu kumpuuza yeye peke yake, hakufua dafu. Yeye akitazama ubao, darasa lilicheka, na Redio alikula na kushiba. Hapo ndipo alipopata wazo ambalo baadaye hakuweza kusema lilitoka kwenye kitabu gani.

Asubuhi moja alimtuma Redio kwenda ofisini kungoja boksi la chaki, akafunga mlango. Juu ya meza aliweka mtungi wa kioo, na kando yake mfuko wa gololi. Aliwaambia watoto kwamba mwenzao ni mgonjwa, ila ugonjwa wake hauonekani kwa macho. Ugonjwa wenyewe ni kutaka kutazamwa. Kila wanapomtazama wanamzidishia. Tangu siku ile darasa lingemsaidia mwenzao apone: Redio akipiga kelele, hakuna kusikia. Akisema, hakuna kujibu. Akifanya kituko, hakuna kuona. Kila watakapofaulu, gololi moja mtungini. Mtungi ukijaa, wote wangepelekwa kwenye ile bustani yenye mabembea na bwawa la kuogelea, kwa basi, na aiskrimu juu.

Darasa lilitulia kama msikiti. Mmoja akauliza kama dawa hiyo ni ya darasani tu au na nje.

"Na nje," alisema mwalimu. "Ugonjwa hauishii mlangoni."

Binti yake alinyoosha mkono polepole. "Hata mimi, Mwalimu?"

"Hasa wewe."

Mwanzoni Redio alidhani ni mchezo, akaufurahia. Alitoa taarifa ya habari kuhusu darasa lililopatwa na uziwi, akatangaza kwamba serikali imeagiza masikio mapya kutoka ng'ambo. Midomo ya watoto ilicheza, mabega yakatikisika, lakini macho yote yalibaki ubaoni. Gololi ilianguka mtungini, ting. Redio aliitazama ile gololi. Hakuelewa, ila sauti yake ilikwama kidogo, kama mashine iliyokula uzi.

Watoto wale walikuwa hodari kupita alivyotazamia. Mtu mzima husahau, huona haya, hulegea. Wao hawakulegea. Wakati wa mapumziko Redio aliingia kwenye kamba ya kuruka, nao wakaendelea kuizungusha kana kwamba pale hakuna mtu. Kamba ikamchapa miguuni, wakaitoa, wakaanza upya. Alimshika mmoja bega, na yule akajipangusa na kusema kuna upepo. Wengine walichukua neno hilo, likawa jina lake jipya. Walipangusa alipokaa. Walipokuwa wakigawa vitabu, walihesabu wakamruka. Mambo haya mwalimu hakuwafundisha. Aliyaona kupitia dirisha la ofisi ya walimu, na mara ya kwanza kikombe cha chai kilimganda mkononi. Lakini siku hiyo darasa lilikuwa limekaa kimya kwa kipindi kizima, mzee wa hesabu alikuwa ametoka akitikisa kichwa kwa mshangao, na mwalimu mkuu alikuwa amepita mlangoni mara mbili kuhakikisha kwamba watoto wamo. Alikunywa chai yake. Alijiambia kwamba kila dawa ina uchungu wake, na muhimu ni matokeo.

Nyumbani taarifa zilikatika. Binti alimenya viazi kimya. Mara moja tu aliuliza kama inafaa amwambie Redio kwa siri kuhusu mtungi, ili apone haraka. Mama alimweleza, kwa subira, kwamba mgonjwa akijua siri ya dawa, dawa haifanyi kazi. Binti akaitikia kwa kichwa. Kesho yake aliomba kuhamishwa dawati, kwa sababu, alisema, kukaa pale na kutosikia kunamchosha shingo. Mwalimu alimhamisha. Redio akabaki na dawati zima peke yake.

Hapo mtoto aliongeza nguvu. Alisimama juu ya dawati na kupiga yowe kwamba ameona nyoka. Hakuna aliyenyanyua mguu. Alianguka sakafuni akatoa macho, akajitia amezirai, ulimi nje. Mwalimu alimruka kwa hatua moja akaenda kuandika sehemu ya pili ya zoezi. Alilala pale kwa muda mrefu. Halafu aliinuka, akajikung'uta vumbi la sketi, akakaa. Gololi tatu zilianguka mtungini kwa mpigo, maana mwalimu naye alikuwa amefurahi. Alikuwa amesoma juu ya jambo hilo: tabia inayokaribia kufa haifi kimya, inalipuka kwanza. Mtoto atapiga kelele kuliko zote alizowahi kupiga, na mwalimu dhaifu hapohapo hugeuka, na akigeuka tu amemfundisha mtoto kwamba bei ya kutazamwa ni kelele kubwa kiasi hicho. Mkufunzi alikuwa akiuita mlipuko wa mwisho. Asiyevumilia mlipuko wa mwisho, alisema, ni bora asianze.

Mama yake Redio alikuja shuleni, utepe wa kupimia ungali shingoni. Alikaa ukingoni mwa kiti akaeleza kwamba mtoto ameanza kukojoa kitandani, umri ule. Tena nyumbani naye haongei kama zamani. Akiitwa anashtuka. Mwalimu alimshika mkono na kumwambia asihofu, ndiyo dalili kwamba dawa inaingia. Mambo yangeweza kuwa mabaya zaidi kidogo kabla ya kuwa mazuri. Alilieleza vizuri, kwa Kiswahili chepesi, na mama yule aliondoka akishukuru.

Nyuma ya madarasa kulikuwa na stoo ya madawati mabovu. Yalikuwa yale ya miguu ya chuma, yamepangwa moja juu ya jingine karibu na dari, na mlango ulishikiliwa na jiwe tu. Redio alikuwa ameanza kujificha humo wakati wa mapumziko. Watoto walimsikia akisoma taarifa ya habari kwa sauti ndogo, akiwahadithia madawati. Hakuna aliyemfuata, na mwalimu naye alijua na akamwacha.

Ilikuwa jioni ya usafi. Darasa la tano lilikuwa likifagia uwanja na kumwagia vumbi maji, mtungi umebakiza gololi chache ujae, na watoto walikuwa wakiulizana nani anajua kuogelea. Mwalimu alikuwa amesimama barazani, hatua chache kutoka stoo, akisahihisha madaftari juu ya ukuta mfupi. Alisikia kishindo cha chuma. Kisha yowe.

Yowe lile halikuwa na maneno. Baadaye likapata maneno: mkono, mkono wangu, Mwalimu, mkono. Likamwita mama. Likaita watoto kwa majina, mmojammoja, na jina alilolirudia zaidi lilikuwa la binti wa mwalimu.

Uwanja mzima ulisikia. Mifagio ilisimama kidogo, kila mtoto akimtazama mwenzake, halafu wote wakamtazama mwalimu. Yeye hakuinua kichwa. Kalamu nyekundu ilikuwa imetulia juu ya karatasi na moyo ulikuwa ukimwenda mbio, lakini aliutambua moyo huo: ndio uleule unaowaangusha walimu dhaifu. Huu hapa, alijiambia. Huu ndio mlipuko wa mwisho wenyewe. Alitia alama ya vema, akafunua ukurasa. Mifagio ikaanza tena.

Binti yake alikuja akasimama mbele yake, ufagio mkononi.

"Mama, Redio analia."

"Hapa mimi ni nani?"

"Mwalimu." Mtoto aliuegemea ufagio. "Mwalimu, Redio analia kwelikweli."

"Na siku ya nyoka alilia vipi?"

Binti aligeuka kutazama stoo.

"Tukienda sasa, itakuwa kazi yote imeharibika, na itabidi tuanze upya, na yeye ndiye atakayeumia zaidi. Unanielewa? Nenda kafagie."

Mtoto alikwenda kufagia. Alifagia mahali pamoja, palepale, mpaka ardhi ikawa nyekundu. Yowe liliendelea, likapanda, likavunjika, likawa kilio kidogo kama cha paka, na mwishowe likakoma kabisa. Mwalimu alisikiliza kimya kile. Alihisi nafuu, na zaidi ya nafuu, fahari. Alikuwa amevumilia. Aliingia darasani akatia gololi mtungini, na baada ya kufikiri akaongeza nyingine mpaka zikafika mdomoni.

Aliyemkuta ni mlinzi, alipokwenda kufunga stoo wakati watoto wote wameshakwenda zao. Madawati yalikuwa yameporomoka, na fremu mbili za chuma zilikuwa zimeubana mkono wa kulia wa Redio kama koleo. Alikuwa amezirai, na safari hii ulimi wake haukuwa nje. Hospitali hawakuweza kuokoa vidole. Waliacha gumba.

Mwalimu alipoletewa habari alikuwa nyumbani, anamsuka binti yake. Mikono yake iliendelea kusuka. Ilimaliza tuta alilolianza, ikafunga ncha na uzi. Kisha akainuka, akaenda uani. Aliporudi, binti alikuwa amekaa vilevile na kichanua mapajani, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama.

Kulikuja kikao. Ofisa wa elimu alikuja na begi lake, akaketi kwenye kiti cha mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akaketi pembeni, anajifuta jasho. Siku mbili kabla, alikuwa amemwita mwalimu faragha na kumuuliza kama kuna aliyesikia. Mwalimu alijibu kwamba hajui. Mwalimu mkuu alimwambia kwamba kutojua si vibaya, aendelee nako. Lakini usiku wote wa kuamkia kikao mwanamke yule alikuwa akijiapiza. Angesema. Angesimama na kusema: nilisikia, nikakataa kwenda. Kazi ingekwenda, na iende. Aliingia ofisini na maneno hayo yamepangwa mdomoni.

Redio alikuwa amekaa karibu na mama yake, mkono umefungwa bandeji kubwa kama mpira. Alikuwa akitazama miguu yake.

Ofisa alitaka kuanza na watoto. Mwalimu mkuu alikuwa amemchagua mmoja wa kuwasemea wenzake, na aliyeingia alikuwa binti wa mwalimu. Nywele zimebanwa, soksi zimepandishwa. Aliamkia watu wote kwa adabu. Ofisa alimuuliza kama siku ile walisikia mwenzao akiita.

"Hatukusikia kitu, shikamoo," alisema, akachanganya adabu na jibu kwa hofu. Kisha akajituliza. "Tulikuwa tunasogeza ndoo na kumwaga maji. Kulikuwa na kelele nyingi. Sote hatukusikia. Unaweza kuwauliza."

"Na mwalimu wenu alikuwa wapi?"

"Alikuwa mbali. Upande wa lango."

Hakuna mtu aliyemfundisha maneno yale. Mama yake alilijua hilo, kwa sababu ndiye peke yake ambaye angeweza kumfundisha. Mtoto alikuwa ameyatunga mwenyewe, na kumbe alikuwa ameshawapitia wenzake wote, mmojammoja, akiwaambia kwamba mama yake akifukuzwa hakuna bustani wala bwawa. Sasa alisimama katikati ya ofisi na mikono nyuma, na macho yake yaligeuka kidogo tu kumtazama mama. Yalikuwa macho ya mtoto aliyemaliza kusoma shairi, anasubiri aambiwe kama amekosea.

Ofisa naye akageuka. "Mwalimu, ndivyo?"

Maneno aliyoyapanga yalikuwapo bado. Aliyahisi. Lakini kuyasema sasa kulikuwa kumwita mwanawe mwongo mbele ya watu wazima wote wale, na alilishika hilo kwa mikono miwili, kama mtu anayezama, kwa sababu lilifanana na huruma.

"Ndivyo," alisema.

Mama yake Redio alisema kwamba mtoto amemweleza aliita. Aliita sana. Mwalimu mkuu alikohoa na kusema, kwa sauti yake laini, kwamba hakuna anayetaka kumsema mtoto vibaya katika hali yake, lakini shule nzima inajua kwamba binti huyu ana mazoea ya kutia chumvi. Alitaja nyoka. Alitaja kuzirai. Ofisa alisikiliza, akatikisa kichwa, kisha akamgeukia Redio mwenyewe, na kwa kweli alimgeukia kwa upole. Alimwomba aeleze mwenyewe, asiogope, yeye ndiye wanayemsikiliza.

Kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze, watu wote chumbani walikuwa wakimtazama.

"Sema, mama," mama yake alimbembeleza, akimsukuma kidogo kwa kiwiko. "Si umeniambia mimi. Sema na hapa."

Redio aliinua kichwa. Alimtazama ofisa, akamtazama mwalimu mkuu, akamtazama yule aliyekuwa akikaa naye dawati moja. Kinywa kilifunguka. Kisha akakifunga, akarudisha macho kwenye viatu vyake. Mama alirudia, sasa kwa ukali, sasa kwa machozi, naye hakujibu. Mwalimu aliyatazama yote hayo akajua vizuri sana anachokiona, kwa jina lake la kitaalamu na kwa ukurasa wake. Ofisa alingoja muda wa kutosha mtu yeyote asije akasema hakungoja, akafunga begi. Ikaamuliwa kwamba ni ajali. Stoo itiwe kufuli.

Nje, chini ya baraza, fundi cherehani alimfuata mwalimu. Mwalimu alijikaza, akingoja kutukanwa. Nusu yake ilitamani.

"Mwalimu, wewe umesoma mambo haya," alisema yule mama. "Zamani nilikuwa namwambia, nyamaza mwanangu, mashine yenyewe inanitosha kichwani. Sasa naizima mashine, nakaa, nasikiliza kama atasema kitu. Wateja wananigombeza nguo zao haziishi. Nifanyeje?"

Mwalimu alifungua kinywa na kilichotoka kilikuwa ni somo. Alimwambia ampe muda. Asimlazimishe. Akiongea hata neno moja, amsifu hapohapo, asichelewe.

"Nimsifu," alirudia mama, kama anayejifunza kipimo. "Hapohapo. Ahsante, Mwalimu. Mungu akubariki." Akamshika mwanawe mkono ule mzima, wakaondoka. Baada ya siku chache akamhamisha shule.

Mwalimu na binti yake walirudi nyumbani kwa miguu. Mtoto alikuwa akiruka madimbwi. Walipofika karibu na mlango alimvuta mama kanga.

"Nilisema vizuri?"

Mwalimu alikuwa na ufunguo mkononi. Alijua kwamba jibu lolote hapo ni chakula. Hata kunyamaza kungekuwa ni kitu. Mtoto alikuwa akimtazama kwa chini, na kidogo kidogo uso ulikuwa ukianza kuogopa.

"Ulisema vizuri," alisema.

Safari ya bustani ilikuwapo, kwa sababu watoto walikuwa wakiidai, na hakuna aliyeweza kuwaambia kwa nini wasiende. Waliogelea mpaka ngozi zikakunjamana. Darasa la tano lilimaliza mwaka likiwa la kwanza kwa nidhamu shule nzima. Mwalimu mkuu alimsimamisha mwalimu mbele ya wakaguzi na kumsifu, na baadaye akamtaka awape wenzake semina fupi. Aliitoa. Alizungumzia umuhimu wa kusifu. Suala la kupuuza alilipitia juujuu, na mzee wa hesabu alipouliza, alisema muda hautoshi.

Muhula mpya ulikuwa haujashika kasi wakati alasiri moja jirani alipogonga mlango, amemshika mwanawe anayelia. Mtoto alikuwa na alama za kufinywa mkononi, nyekundu, zimepangana vizuri kuanzia kiwikoni hadi kwenye kifundo. Jirani alikuja kwa heshima. Alisema watoto ni watoto, hakuja kugombana, lakini mwanawe anasema aliyemfinya ni binti wa mwalimu, tena alimwambia akimtaja hakuna atakayemwamini.

Binti alikuwa mezani, anafanya zoezi la nyumbani. Aliweka kalamu chini.

"Sikumfinya," alisema. Hakumtazama jirani wala mtoto anayelia. Alimtazama mama yake, ametulia kabisa, anangoja.

Mwalimu aliangalia ule mkono mdogo wenye alama. Alimwangalia mwanawe. Sufuria ilikuwa ikichemka jikoni na mfuniko ukicheza.

"Mwanangu hasemi uongo," alimwambia jirani, akafunga mlango taratibu, na binti akachukua kalamu yake akaendelea kuandika.